UZI MAALUM: Unataka kusoma ubunifu wa bidhaa za viwandani chuoni? Pita hapa kwanza

Vumbi la Msasa

Wakuu salaam. Napata PM nyingi za madogo wanaouliza kuhusu hii kozi ya indastrio dizaini, wengine wanaiita prodakti dizaini, na maswali ni yale yale kila siku, nikaona nimwage yote hapa ili nikiulizwa tena natupia linki nalala zangu. Nimesoma miaka minne, nimemaliza, kazi ninayofanya ndio hiyo hiyo. Sio mkongwe ila vumbi lake nimelila.

Ukimwambia mtu unasoma dizaini anawaza nguo, mabango au nembo. Hii ni ya vitu: pasi, kiti, tochi, kifuniko cha chupa, mashine ya kupimia presha, chochote kinachotoka kiwandani kwa maelfu halafu kinashikwa na mtu usiyemjua na hutamwona maisha yako yote. Hilo neno maelfu ndio kozi yenyewe. Kutengeneza kitu kimoja kizuri watu wengi wanaweza, kutengeneza kitu ambacho cha elfu kumi kitatoka sawa na cha kwanza ndio kinachokupeleka darasani.

Mwaka wa kwanza ni kuchora na kukata. Nilienda najiona mkali, nilikuwa nachora sura za watu hadi wenyewe wanashangaa. Siku ya kwanza mwalimu akagawa karatasi na kalamu ya wino akasema chora boksi. Boksi! Tukachora maboksi wiki mbili. Kifutio marufuku, maana ukijua huwezi kufuta unafikiri kabla mkono haujashuka, na mstari uliokosea unabaki pale unakutazama. Baada ya maboksi yakaja magurudumu ndipo nikagundua sijui kuchora gurudumu. Hiki kitu natamani ningeambiwa mapema: duara ukilitazama kwa upande linakuwa duaradufu, na mhimili wake mfupi lazima ulale mstari mmoja na ekseli. Ukikosea hapo gurudumu litaonekana limepinda hata upake rangi gani. Kujua kuchora sura ya mtu hakukunisaidia kitu, hapa unachora kitu ambacho bado hakipo, huna cha kukopi.

Mwaka wa pili ndio tukaingia kwenye bidhaa na ndipo nilipopigwa.

Tulipewa mradi wa tochi. Nikaenda mtaani na dodoso, unatumiaje tochi, ungependa rangi gani, watu wakajibu vizuri tu, tochi yangu haina shida kijana. Nikarudi nikijua nimemaliza. Mwalimu akasoma akanirudishia karatasi zangu, akasema umeuliza, hujatazama. Basi nikarudi nikakaa kimya natazama tu. Aisee. Jamaa anahangaika na kufuli gizani, tochi iko mdomoni. Mama anapekua sanduku, tochi kaibana kwa kidevu. Mwingine kainama kwenye injini, tochi iko kwapani na inamulika kila kitu isipokuwa anachokitafuta. Hakuna hata mmoja aliyenitajia hayo kwa sababu kwao sio shida, wameshazoea. Mradi ukageuka wote, nikaachana na habari za mwanga mkali nikaanza kumfikiria mtu ambaye mikono yake yote miwili ina kazi.

Nikabuni tochi bapa yenye ndoano mgongoni, unaining'iniza kwenye kola ya shati inamulika mbele. Nikaijenga kwenye kompyuta, nikaipiga renda (picha ya kompyuta inayoonekana kama kitu halisi) usiku kucha, ikawa inang'aa kama ya dukani. Siku ya kuchambuliwa kazi (hii siku mtaijua, unasimama mbele ya ukuta wenye michoro yako na kila mtu ana ruhusa ya kusema) alikuwepo mgeni mmoja, fundi wa moldi (yale machuma ya kuumbia plastiki) kutoka kiwandani, mtu mzima. Akaacha slaidi zote zipite. Mwisho akauliza: kijana, hii ndoano inatokaje kwenye moldi?

Kimya.

Kwa wasiojua, plastiki nyingi zinatengenezwa kwa kuisukuma plastiki iliyoyeyuka katikati ya vipande viwili vya chuma vilivyofungana, inapoa, vyuma vinaachana kwa mstari ulionyooka, pini zinakisukuma kitu nje. Ndoano yangu ilikuwa imejikunja kwa ndani, chuma kikitaka kutoka kinaivunja au kinang'ang'ania humo humo. Inawezekana kuweka kipande cha chuma kinachochomoka kwa pembeni lakini moldi inakuwa ngumu na bei yake inapaa. Mzee akachukua kalamu yangu akachora tundu la mstatili kwenye ukuta wa tochi chini ya ndoano, akasema chuma cha upande wa pili kipite hapa, kiijaze nafasi ya chini ya ndoano, kikirudi nyuma kinarudi na njia yake. Tundu tu. Render hakuitaja kabisa.

Akaendelea: kuta zangu zilikuwa zimesimama wima kabisa, ziinamishe hata digrii moja ili kitu kiachie chuma, angalia ndoo yoyote ya plastiki inavyochanua kwenda juu. Kuta ziwe na unene mmoja, kwa kitu cha ukubwa ule milimita 2 hadi 3, na zile mbavu za ndani za kuimarisha ziwe kama nusu ya unene wa ukuta, zikizidi hapo plastiki inapopoa inanywea na upande wa nje unaona kibonyeo. Halafu hili nimelibeba mpaka leo: ukiwa na wasiwasi na kipimo, acha plastiki iwe nyembamba kidogo kuliko unavyotaka. Kuinenepesha baadaye ni kuchonga chuma cha moldi, kazi ndogo. Kuipunguza maana yake kuongeza chuma mahali ambapo hakipo tena.

Nilipata alama ya kawaida tu kwenye ule mradi na nilistahili.

Kwa hiyo dogo ukiniuliza hii kozi inataka nini nitakwambia inataka mtu asiyeona aibu kukosea mbele za watu, na anayekosea mapema, kwenye karatasi na kadibodi, kabla kosa halijawa la chuma. Yule mvumbuzi Mwingereza James Dyson alipokuwa anatafuta lile fagio la umeme lisilo na mfuko alifika modeli 5,127 ndio akaridhika. Simtaji ili muwe matajiri, nataja hiyo namba kwa sababu madogo mnanitumia mchoro mmoja mnauliza kama unafaa.

Nyongeza, msije mkalia kama mimi: modeli ya povu la polistirini usiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, kiyeyushi kilichomo kinalila povu. Mimi yangu iliyeyuka saa tano usiku, prezentesheni saa mbili asubuhi. Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao tabaka mbili tatu, ikauke, ndio upulizie.

Tiririkeni.

mpita_njia

nimesoma yote mpaka mwisho na sina hata mpango wa kusoma chuo 😂 ila hiyo ya tochi mdomoni umeniona wapi mkuu

Bintikalamu

Shikamoo kaka. Mimi namaliza sekondari, napenda sana hii fani ila hisabati yangu ni ya kuungaunga na fizikia ndio usiseme. Je nitaweza? Na wanaangalia nini kwenye usaili wa kuingia?

Vumbi la Msasa

Marahaba mdogo wangu. Inategemea kozi iko idara gani, ikiwa chini ya uhandisi utakutana na hesabu za nguvu na mizigo, ikiwa chini ya sanaa hesabu ni chache ila kuchora na kutengeneza vitu kunakuwa kwingi. Soma mtaala wake somo kwa somo, jina la kozi linadanganya. Hesabu utakazotumia kila siku ni za vipimo, pembe, uwiano, ujazo, hazitishi.

Vyuo vingi vinataka potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Usipeleke picha nzuri tupu. Peleka vitu ulivyotengeneza, hata kama ni stuli iliyoyumba, na uonyeshe iliyumbaje na ukafanya nini. Nakupa zoezi: chukua kibanio cha nguo, kifungue vipande vyote, chora kila kipande kwa kalamu ya wino pande tatu, kisha kirudishe. Halafu usiku mmoja fikiria nani alikaa akaamua kile kiwe na urefu ule.

Nati13

Mimi ni injinia wa mitambo na leo mtanisamehe. Hawa madizaina ndio wanaotufanya tuzeeke mapema. Analeta kitu kimechongoka vizuri kama samaki, unauliza betri inakaa wapi, anasema hiyo utaangalia wewe. Skrubu zinafungwa wapi, anasema zisionekane. Waya unapita wapi, kimya. Miaka minne mnasoma nini jamani, si bora tu mtu asome uinjinia halafu ajifunze kuchora?

Vumbi la Msasa

Hahaha mkuu sina cha kubisha, nimewahi kuwa huyo mtu. Sasa hivi naanza na matumbo: napata betri halisi, saketi halisi, swichi, navipanga mezani, navipima na kalipa, ndio nazungushia gamba. Dizaina asiyejua matumbo ya kitu chake anachora sanamu.

Ila na nyie mna yenu. Injinia atahakikisha mpini haukatiki, swali la mpini unashikwa na mkono gani mara nyingi linabaki bila mwenyewe. Mfano wangu wa siku zote ni vile vifaa vya jikoni vya OXO vilivyotoka 1990. Mwanzilishi wake Sam Farber alimwona mkewe Betsey anateseka na kimenyeo kwa sababu ya baridi yabisi vidoleni. Vimenyeo vilivyokuwepo vilikuwa vinamenya vizuri tu, kiinjinia havikuwa na kasoro. Wakaweka mpini mnene wa raba laini wenye mapezi ya kushikia, na kumbe kilichotengenezewa mwenye vidole vibovu kikampendeza na mwenye vidole vizima. Sasa hilo hulipati kwenye hesabu ya mzigo, unalipata kwa kumtazama mama anamenya.

Nati13

Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

Fundi Randa

Vijana mnaongea vizuri. Mimi ni seremala mwaka wa 15 huu, sijakanyaga chuo, na hao wenye digrii wanakuja kwangu niwatengenezee modeli zao za kuhitimu. Sasa nani mbunifu hapo? Mnalipa ada kujifunza msasa?

Vumbi la Msasa

Shikamoo mzee wangu. Modeli yangu ya mwisho nilitengenezewa miguu na fundi kama wewe, na alinirekebisha kiungo kimoja ambacho kingenivunjikia mbele ya walimu. Kwa mkono sikufikii na sitakufikia.

Tofauti naiona hapa. Kiti chako unamtengenezea mteja ambaye amesimama mbele yako, ukitaka unampima goti. Kiti cha kiwandani atakikalia mtu mfupi na mrefu, mzee na mtoto, na hayupo umpime. Tunafundishwa kutumia majedwali ya vipimo vya miili, na kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuchukua wastani. Miaka ya 1950 huko Marekani mtafiti Gilbert Daniels alipima marubani 4,063 wa jeshi la anga, akachukua vipimo 10 vya mwili, akatafuta nani yuko karibu na wastani kwenye vyote kumi. Hakuna hata mmoja. Walikuwa wanatengeneza vyumba vya rubani kwa ajili ya mtu ambaye hayupo! Kwa hiyo urefu wa kiti unaangalia wafupi ili miguu ifike chini, urefu wa mlango unaangalia warefu wasigonge kichwa, na vitu vingine unavifanya vya kurekebishika mtu ajipimie mwenyewe.

Na kuna usafirishaji. Kile kiti cha mbao zilizopindwa cha Michael Thonet, namba 14, cha mwaka 1859: vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vikifunguliwa vinaingia kwenye kreti la mita moja ya ujazo, vinafungwa huko vinakofika. Huyo Thonet alianza kama seremala, mzee, kama wewe. Alichoongeza ni kuwaza kreti.

Fundi Randa

Marahaba. Hicho kiti nimewahi kukikarabati, sikujua historia yake. Pale kwenye kiungo cha mguu wa mbele na duara la kiti ndipo kinapolegea, waambie hao walimu wenu. Na mimi kuwaza kreti nawaza, nani atanipa oda ya viti 36?

Kona Tano

swali fupi mkuu, laptopu gani na programu gani? niko mwaka wa kwanza wenzangu wote wana renda kali mimi bado nakata kadibodi najiona nimeachwa

Vumbi la Msasa

Hujaachwa. Kadibodi dakika ishirini inakwambia kitu kinashikika au hakishikiki, kompyuta itakwambia ukishamaliza siku tatu, na kwenye skrini kila kitu kina ukubwa mmoja. Nimeona mtu kabuni kikombe kizuri kwenye skrini, alipokichapa kwa printa ya 3D kidole hakikuingia kwenye mkono wa kikombe.

Programu jifunze moja ya kujenga vitu kwa vipimo kama SolidWorks au Fusion, hii ya pili ina leseni ya bure kwa wanafunzi. Rhino ni nzuri kwa maumbo yanayopindapinda. Kwenye renda wengi wako KeyShot, ila Blender ni bure na inatosha kabisa. Ukishaijua moja vizuri nyingine utaipata ndani ya mwezi, vitufe ndio vinabadilika. Laptopu sitaji jina, tafuta yenye kadi ya michoro inayojitegemea na RAM ya kutosha, GB 16 usishuke.

Printa ya 3D nayo ina adabu zake. Kitu kinajengwa kwa matabaka, kawaida kama milimita 0.2 moja, na kinakatika kirahisi kwenye mstari wa matabaka kama kuni inavyopasuka kwa nyuzi zake. Kibanio ukikichapa kimesimama kitavunjika mara ya pili kukibana, kilaze. Halafu utasema dizaini ni mbovu kumbe ulikichapa vibaya.

Chenga

Tuongee ukweli basi, ajira? Maana nyuzi za hivi huwa tamu mpaka ufike kwenye ajira.

Vumbi la Msasa

Ngumu. Sitakudanganya. Viwanda vingi vinakopi bidhaa iliyopo na havioni sababu ya kumlipa mtu wa kuwaza upya. Darasa letu wachache ndio tunafanya bidhaa zenyewe. Wengine wako fanicha, vifungashio, maonyesho, na kundi kubwa limehamia kubuni programu za simu maana ile kazi ya kutazama watu ni ile ile na huko wanalipa. Mmoja kafungua karakana yake, analala hapo hapo.

Kilichonipa mimi kazi ni kurasa mbili za potifolio nilizotaka kuzitoa, zile za tochi, picha ya ndoano ya kwanza na ya pili yenye lile tundu. Aliyenihoji akapita render zote haraka haraka akasimama hapo, akaniuliza maswali nusu saa. Miradi minne inatosha, ukiweka kumi anachoka akifika wa tano. Ya kikundi andika wazi wewe ulifanya nini, wanauliza na uongo unaonekana.

Kona Tano

na kuibiwa wazo je? kuna mtu kaniambia nisiposti kazi zangu mtandaoni

Vumbi la Msasa

Kuna hati za kulinda muonekano wa kitu na kuna hataza zinazolinda namna kinavyofanya kazi, ni vitu viwili. Kwenye nchi nyingi ukishaonyesha uvumbuzi wako hadharani kabla ya kuomba hataza umeshajiharibia, kwa hiyo kama kweli umevumbua kitu kipya uliza kwanza. Lakini bro, kwa wengi wetu hapa hakuna mtu anayeiba stendi ya simu. Posti.

mpita_njia

mimi nina swali la kijinga. kwa nini kifuniko cha kalamu ya bic kina tundu juu? au ndio lile tundu lako la moldi

Vumbi la Msasa

Sio la kijinga na sio la moldi. Ni kwa ajili ya anayekimeza. Watoto wanatafuna vifuniko, kikinasa kooni hewa iendelee kupita hapo. Wameweka toka 1991. Kalamu yenyewe ilikuwa sokoni toka 1950, piga hesabu miaka.

mpita_njia

duh. mimi nilikuwa nakitumia kupigia filimbi

Bintikalamu

Kaka nimefanya lile zoezi la kibanio. Nimechora vipande vyote, mchoro wa springi nimerudia mara kumi na moja bado hausomeki. Halafu nikamtazama mama anaanika nguo. Anabana vibanio kwenye kifua cha gauni lake kama medali, vingine mdomoni, na kila akiinama kimoja kinaanguka, anakiokota kwa vidole vya mguu. Nikamuuliza mama hivi vibanio vina shida gani, akasema havina shida.

Vumbi la Msasa

Mdogo wangu!!! Hapo hapo. Hiyo ya vidole vya mguu usiipoteze, ichore leo leo hata kwa vijiti. Springi usichore koili zote, chora silinda nyepesi kwanza halafu zungusha duaradufu juu yake, kumbuka mhimili mfupi. Na kibanio ulikirudisha salama? Maana kukirudisha ndio kunakwambia kiwandani kinaunganishwaje.

Nati13

Swali zuri, hilo nalisubiri na mimi.

Bintikalamu

Vipande viwili vya mbao ninavyo. Springi imeruka chini ya kabati. Nikiipata narudi.